Muulize Sista: "Mama hapasuliwi, je, wamekata tamaa?"

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: kuna dawa gani mpya? Kila ukoo sasa una kijana mmoja aliyetumiwa video kwenye simu, na video ina daktari mwenye koti jeupe anayesema saratani imepata kiboko chake. Sina ugomvi na tiba mpya. Nimetundika dripu kwenye wodi ya saratani Dar es Salaam mpaka nikastaafu na kurudi kwetu Tanga, na nimeona dawa zilizokuwa za matajiri zikishuka mpaka zikawa za kila mtu. Ila nikiulizwa "dawa mpya ya saratani ni ipi", nami nauliza: saratani gani, imefika hatua gani, na karatasi ya kinyama, yaani majibu ya kipande cha uvimbe kilichopimwa maabara, imeandika nini? Bila hiyo karatasi tunapiga soga tu.

*Shikamoo Sista. Mama yangu ana miaka 54. Hedhi ilishakoma, mwaka jana akaanza kutoka damu tena, akatuficha. Majibu ya kinyama yamesema ni saratani ya shingo ya kizazi, hatua ya pili B. Daktari kasema hapasuliwi, aende Dar apate mionzi na dripu. Sisi tumeelewa wamekata tamaa. Kaka yangu yuko Muscat, anasema tusubiri atafute fedha tumpeleke India kwenye tiba mpya ya kuamsha kinga ya mwili. Na majirani wanasema akishachomwa mionzi wajukuu wasimsogelee. Tushike lipi? – Binti, Korogwe*

Marahaba mwanangu. Nianze na hilo la kukata tamaa, maana ndilo linalowafanya mkae nyumbani.

Hatua ya pili B maana yake ugonjwa umetoka kwenye shingo ya kizazi ukaingia kwenye nyama za pembeni, lakini haujafika ukuta wa nyonga. Mpasuaji akiingia hapo hawezi kutoa kila kitu na kubakiza ukingo safi. Atatoa kizazi, ugonjwa utabaki pembeni, kisha mama atahitaji mionzi vilevile, safari hii akiwa na mshono tumboni. Ndiyo maana mgonjwa wa aina hii, awe London, Mumbai au Dar, anapewa mionzi pamoja na dripu. Hiyo ni tiba ya kuponya. Narudia kwa sababu najua utamsomea kaka yako: ya kuponya. Mionzi ya kutuliza tu huwa ya siku chache, wala hawangemwambia akae Dar wiki nyingi.

Dripu yenyewe, yaani dawa ya saratani inayopitia mshipani, huenda ikawa sisplatini. Zamani mionzi ilitolewa peke yake. Mwanzoni mwa 1999 tafiti tano zilionyesha kwamba dawa hiyo ikitolewa wakati mionzi inaendelea, wanawake wengi zaidi wanaishi, na Februari mwaka ule Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ikawatangazia madaktari wabadilishe utaratibu. Kazi yake kubwa hapo ni kuidhoofisha seli ya saratani ili mionzi iimalize. Inatolewa mara moja kwa wiki. Kwa dozi hiyo nywele kwa kawaida hazinyonyoki zote, kichefuchefu kipo na kina dawa yake. Hatari kubwa ni kwa figo. Kabla ya kila dripu wapime damu waangalie kriatinini, na mama anywe maji ya kutosha, si soda.

Mionzi ya nje ni Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki tano hivi, na kila siku ni dakika chache tu mezani. Kisha inafuata ya ndani: kifaa kinawekwa kupitia ukeni, chanzo cha mionzi kinaingia, kinakaa muda wake, kinatoka. Hii ya ndani ndiyo wanayoikimbia. Kufikia hapo damu imekata, harufu imeisha, mtu amenenepa kidogo, anasema nimepona narudi shambani. Wengine ni aibu. Nimewafuata wagonjwa hadi stendi ya mabasi kwa ajili ya hiyo mionzi ya ndani, na sikuona haya. Bila hiyo tiba haijakamilika. Na zote mbili, ya nje na ya ndani, ziishe ndani ya wiki nane. Zikivuka hapo, seli zilizosalia zinapata nafasi ya kuota upya.

Sasa tuje India. Kule hospitali nzuri zipo, sikatai. Lakini mama akifika atapewa nini? Mionzi na sisplatini. Mashine ya LINAC inayolenga vizuri na kuyaepusha matumbo, Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, wameanza kuitumia 2018. Kuhusu dawa ya kuamsha kinga, anayoisema kaka yako nahisi ni pembrolizumabu, inayouzwa kama Keytruda. Ni dawa ya kweli, na wanasayansi wawili waliofungua njia ya dawa za namna hiyo, James Allison na Tasuku Honjo, walipata Nobel 2018. Ila Marekani ilipoiidhinisha Januari 2024 iende pamoja na mionzi ya shingo ya kizazi, iliidhinisha kwa hatua ya tatu hadi ya nne A. Mama yako ni wa pili B. Kaka atauza kiwanja kununua dawa ambayo hata huko ilikotoka haikuidhinishwa kwa hatua ya mama.

Kama anataka habari mpya, nina moja isiyopendwa na wauza video kwa sababu haiwaingizii fedha. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wanawake 500 wa Uingereza, Mexico, India, Italia na Brazil. Nusu walipewa dripu za karboplatini na paklitakseli kila wiki kwa wiki sita kabla ya kuanza mionzi na sisplatini. Baada ya miaka mitano, kati ya hao waliokuwa hai ni asilimia 80, na kati ya wale wa utaratibu wa kawaida asilimia 72. Dawa zote mbili ni za zamani na za bei nafuu. Muulizeni daktari wa mama kama inamfaa. Sharti lake ni kwamba mionzi ianze mara tu dripu hizo zinapoisha, isije ikawa kisingizio cha kuchelewa.

Kwa hiyo mwambie kaka fedha zake zina kazi kubwa. Zilipe chumba Dar karibu na hospitali, nauli ya kila siku, samaki na mayai. Wekundu wa damu ukishuka chini ya 10 mionzi haifanyi kazi vizuri, na mama aliyetoka damu mwaka mzima atakuwa ameshuka. Tafuteni ndugu wa kuchangia damu kabla hamjaitwa. Mkiishiwa, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mapema, msisubiri kutoroka usiku.

Mistari watakayomchora kwenye nyonga asiisugue wala kuipaka mafuta. Wakimwambia anywe maji kibofu kijae kabla ya kulala mezani, atii, kibofu kikijaa husukuma matumbo pembeni. Akiharisha aseme siku hiyohiyo. Wajukuu wamkalie mapajani wapendavyo: mionzi ya nje haibaki mwilini, na ya ndani chanzo kikishatoka kimetoka. Saratani haiambukizi baba kitandani. Baada ya tiba uke hubana, na kuna vifaa vya kuutanua na namna ya kuvitumia. Hayo mama aelezwe na muuguzi wakiwa wawili tu, wewe mwanawe ukiwa nje ya mlango.

Halafu wewe mwenyewe, ukiwa na miaka 30 au zaidi, ukapimwe. Kipimo cha siki hakiumi, na doa likionekana mapema linagandishwa au kuchomwa mchana uleule. Kama unaishi na VVU anza ukiwa na 25. Na binti yako mwenye kati ya miaka 9 na 14 akachanjwe dhidi ya HPV, kirusi kinacholeta saratani hii. Tangu 2024 Tanzania inatoa dozi moja, imetosha.

*Sista, habari za kazi. Baba yetu ana miaka 73, ana saratani ya tezi dume, imeshafika kwenye mifupa ya mgongo. PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ilikuja zaidi ya 400. Daktari ametaja njia mbili, kutoa korodani au sindano ya kila baada ya miezi mitatu. Wazee wa ukoo wamekasirika, wanasema mwanaume hahasiwi kama dume la ng'ombe. Pia amepewa dawa ya maji ya maumivu, tumesikia ni morfini, tumeificha. – Mtoto wa kiume, Bukoba*

Kwanza itoeni hiyo chupa mlikoificha. Nitairudia.

Saratani ya tezi dume inalishwa na homoni ya kiume, na homoni hiyo sehemu kubwa inatengenezwa kwenye korodani. Daktari Charles Huggins wa Chicago alionyesha mwaka 1941 kwamba ukiikata, ugonjwa unasinyaa hata ukiwa umefika mifupani. Mwaka 1966 wakampa Nobel. Kutoa tezi yenyewe hakutasaidia tena, moto umeshatoka jikoni.

Sindano na upasuaji vinafika mahali pamoja. Hamu ya tendo itapungua kwa vyote viwili, na jasho la ghafla litakuja kwa vyote viwili. Wazee wa ukoo hawajaelezwa hilo, wanadhani sindano inaacha uanaume. Tofauti ni kwamba upasuaji ni mdogo, ganzi ya kiunoni kushuka chini inatosha, unalipa mara moja na umemaliza. Upo pia ule wa kutoa nyama ya ndani na kuacha ganda, mfuko usibaki mtupu. Sindano inaweza kusimamishwa, lakini inataka fedha kila miezi mitatu bila kukosa, na mkikosa mara moja homoni inapanda.

Mkichagua sindano, kuna jambo msiondoke bila kuliuliza. Wiki za mwanzo sindano hizi za kawaida, kama goserelini, huipandisha homoni kabla ya kuishusha. Kwa mtu mwenye ugonjwa mgongoni hiyo ni hatari, uvimbe unaweza kubana uti wa mgongo. Kwa hiyo kabla ya sindano ya kwanza anaanza vidonge vya bikalutamidi, vinavyoizuia homoni hiyo. Na akianza kulegea miguu, kufa ganzi au kushindwa haja ndogo, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo, usiku huohuo. Mguu ukishakufa kabisa, kuurudisha ni shida.

Kipya kipo. Tangu 2017 inajulikana kwamba vidonge vya abirateroni, pamoja na predinisoloni kidogo, vikiongezwa mapema kwa mgonjwa wa namna ya baba yenu vinamrefushia maisha. Bei ndiyo kikwazo. Utafiti mdogo uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba robo ya dozi ikimezwa na kifungua kinywa chepesi inafanya kazi karibu sawa na dozi nzima ya tumbo tupu, na madaktari wa nchi zenye mifuko kama yetu wanaufahamu. Muulizeni wa kwenu. Msijipimie wenyewe.

Ila barua yako nimeisoma yote na sijaona mahali mzee mwenyewe alipoulizwa. Wazee wa ukoo wamesema, watoto wamesema, daktari amesema. Mgongo unaouma ni wa nani? Mkae naye, wanaume peke yenu, aelezwe kwa Kihaya au kwa Kiswahili, atakachochagua ndicho.

Morfini ya maji si dawa ya kumuua mtu. Jirani zenu Uganda wanaitumia majumbani tangu Daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Anakunywa kila baada ya saa nne kwa kiasi alichoandikiwa, si mpaka apige kelele kwanza. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia, mara nyingi ni usingizi aliounyimwa na maumivu. Akiwa haamshiki au anapumua kwa shida, hapo piga simu. Kitakachomsumbua zaidi ni choo kigumu, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku moja na morfini. Ikiwa hawajawapa, rudini mkadai.

*Shikamoo dada. Mdogo wangu ana miaka 38, saratani ya titi. Alipigwa dripu mbili, nywele zikatoka, akaacha. Akaanza unga wa majani ya mstafeli anaoletewa na rafiki yake wa kanisani. Uvimbe umepungua zaidi ya nusu, sasa anasema dripu hazitaki tena maana mstafeli umemponya. Nimemgombeza mpaka hatusemeshani. – Dada mtu, Morogoro*

Marahaba. Acha kumgombeza. Mtu amekatwa titi akilini kwake kila usiku, akapata kitu ambacho hakimtapishi, wewe unataka kumnyang'anya.

Mpelekee hesabu hii taratibu. Uvimbe umepungua baada ya nini? Baada ya dripu mbili. Dripu hutolewa kabla ya upasuaji kwa kusudi hilohilo, kuusinyaza. Mstafeli umekuja kuchukua sifa kazi ikiwa imeshaanza. Nywele huanguka wiki mbili tatu baada ya dripu ya kwanza, hasa ile nyekundu inayokufanya ukojoe mkojo mwekundu, na dripu zikiisha zinaota tena, wakati mwingine laini kuliko za mwanzo.

Simdharau mtu anayeamini majani. Yale maua madogo ya rangi ya waridi yenye petali tano, yanayojiotea kwenye bustani za pwani yote, ndimo ilimotoka vinkristini, dawa inayoponya watoto wengi wa saratani ya damu na ya tezi za limfu. Paklitakseli ilitoka kwenye ganda la mti wa Marekani. Lakini nimeishika vinkristini kwa mikono yangu: ukikosea ikatoka nje ya mshipa inaunguza nyama, na ikiingizwa kimakosa kwenye uti wa mgongo inaua. Hiyo ndiyo nguvu ya mmea unaotibu kweli, na ndiyo maana unapimwa kwa miligramu. Unga wa kwenye mfuko wa nailoni nani ameupima? Huko Guadeloupe, katika Karibi, watu wanaokula sana mstafeli na kunywa chai ya majani yake walionekana wakipata ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa unaofanana na wa Parkinson, na wataalamu wanaishuku kemikali iliyomo, annonasini. Tunda lenyewe akila mara moja moja sina neno. Unga aache, na daktari aambiwe kwamba aliutumia.

Mwaka 2011 magari yalipanga foleni kilomita kwa kilomita kwenda Samunge, Loliondo, kwenye kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500. Wagonjwa wetu waliacha vitanda wakaenda. Waliorudi, wengi tuliwapokea wakiwa hatua nyingine.

Sasa tafuta karatasi yake ya kinyama uangalie herufi hizi: ER na PR, yaani milango ya homoni kwenye seli, na HER2, protini inayoisukuma seli ikue. Kama ER au PR imesoma chanya, mbele yake kuna tamoksifeni, kidonge cha kila siku kwa miaka mitano au zaidi, cha bei ya chini na kinachookoa wengi. Kama HER2 ndiyo chanya, ipo trastuzumabu. Hiyo iliidhinishwa Marekani 1998 ikiwa haigusiki kwa bei. Leo kuna matoleo ya viwanda vingine, na Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu 2015. Inatolewa kila wiki tatu kwa mwaka mzima, na moyo unapimwa njiani. Kama zote tatu ni hasi, basi dripu ndiyo silaha yake kubwa na amekaa nayo mbali tayari. Kama karatasi haina herufi hizo kabisa, kipimo hakikufanyika, na huo ndio ugomvi wa kwenda kuufanya.

Arudi kliniki wiki hii. Watamsema kidogo, manesi tuna midomo, kisha watampima damu na kupanga upya. Akipata joto la 38 wakati wa dripu asimeze panadol akalala. Aende hospitali usiku huo, maana askari wake wa damu watakuwa wachache.

*Sista, hii si saratani lakini naomba unisaidie. Kijana wangu ana miaka 7, ana selimundu, analazwa mara kwa mara. Nimesikia nje wamepata tiba ya kubadilisha vinasaba, anapona moja kwa moja. Niko tayari kuuza ng'ombe. – Baba, Bariadi*

Tiba hiyo ipo. Inaitwa Casgevy, Uingereza iliiidhinisha Novemba 2023 na Marekani Desemba mwaka huohuo, kwa wenye miaka 12 na kuendelea. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na kabla yake mgonjwa anapewa kemo kali inayoweza kumnyima uzazi. Zizi lako lote halifiki huko.

Kilicho karibu ni haidroksiyurea. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, uliochapishwa 2019, ulionyesha watoto waliokunywa kidonge hicho kila siku walipungukiwa na maumivu, kuongezewa damu, malaria na vifo. Kama mwanao hapewi, uliza kwa nini. Inataka kupima damu mara kwa mara, kwa hiyo chagua kliniki unayoweza kuifikia.

Upandikizaji wa uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto wa selimundu unafanyika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Uloto unatoka kwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, asiye na ugonjwa, na kila ndugu ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana naye. Mwenye kubeba tu kinasaba anaweza kuchangia. Wapime ndugu zake kabla hujauza hata ndama.